Safari ya Taarifa za Mgonjwa: Jinsi Hifadhidata ya Winguni Inavyounganishwa na Kituo cha Afya

Lusahunga, katika Wilaya ya Biharamulo mkoani Kagera, ni mahali pa njia panda. Barabara itokayo Isaka na Kahama hufika hapo ikagawanyika: tawi moja huelekea Biharamulo na Bukoba, na jingine huelekea Ngara hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Malori ya mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hupita usiku na mchana, na pamoja nayo hupita madereva, wafanyabiashara na wasafiri. Watu wa mahali pa namna hii hawatibiwi katika kituo kimoja tu. Dereva aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu Kahama anaweza kuzidiwa akiwa Lusahunga. Mjamzito aliyehudhuria kliniki Ngara anaweza kushikwa na uchungu akiwa kwa ndugu zake Biharamulo. Mgonjwa husafiri, lakini jalada lake hubaki kabatini.

Uzito wa jambo hili ulionekana wazi tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuwa ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitishwa mkoani Kagera, katika Wilaya ya Biharamulo. Mlipuko huo ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025. Wagonjwa 10 walikuwa wamehesabiwa, wawili kwa uthibitisho wa maabara na wanane kwa dalili na mazingira ya ugonjwa wao. Wote 10 walifariki. Watu zaidi ya 200 waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa waliorodheshwa ili wafuatiliwe. Katika hali kama hiyo, taarifa inayochelewa siku mbili kwenye daftari la zahanati huacha mlango wazi kwa ugonjwa kuendelea kuenea.

Makala haya yanaeleza jinsi taarifa za mgonjwa zinavyoweza kutoka kwenye kompyuta au simu ya kituo kidogo, zikahifadhiwa katika hifadhidata iliyo mbali, na kusomwa na mhudumu mwingine mwenye haki ya kuzisoma. Yanaeleza pia mahali ambapo safari hiyo hukwama, na wajibu wa mhudumu na haki ya mgonjwa katika safari hiyo.

Kutoka kwenye vitabu vya MTUHA

Wahudumu wa afya nchini wanaufahamu vyema Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, yaani MTUHA, ulioenezwa nchi nzima tangu miaka ya 1990. Vitabu vyake vina namba: Kitabu cha 5 ni cha wagonjwa wa nje, Kitabu cha 6 ni cha wajawazito, Kitabu cha 7 ni cha watoto. Kila mwisho wa mwezi mhudumu huhesabu mistari, hujaza fomu ya majumuisho na kuipeleka wilayani. Tangu mwaka 2013 majumuisho hayo huingizwa nchini kote katika programu iitwayo DHIS2, ambayo asili yake ni ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Oslo na wataalamu wa Afrika Kusini katika miaka ya 1990.

Majumuisho yana faida kubwa kwa mipango. Humwonesha Mganga Mkuu wa Wilaya idadi ya watoto waliougua malaria mwezi uliopita. Hayamwoneshi mganga wa zamu kwamba mama aliye mbele yake alikuwa na shinikizo la juu la damu wiki tatu zilizopita katika zahanati nyingine. Kwa hilo inahitajika taarifa ya mtu mmoja mmoja, iliyohifadhiwa kwa utaratibu unaoruhusu kutafutwa haraka. Hapo ndipo hifadhidata inapoingia.

Hifadhidata ya uhusiano ni nini?

Mwaka 1970 mtaalamu wa hisabati mzaliwa wa Uingereza, Edgar F. Codd, akiwa mtafiti wa kampuni ya IBM nchini Marekani, alichapisha andiko lililopendekeza kwamba data zihifadhiwe katika majedwali rahisi yanayohusiana. Wazo hilo ndilo msingi wa hifadhidata nyingi zinazotumika leo katika benki, shule na hospitali. DHIS2 yenyewe huhifadhi data zake katika hifadhidata ya aina hiyo, iitwayo PostgreSQL.

Jedwali linafanana na ukurasa wa rejesta: lina safu wima zenye vichwa vya habari, na kila mstari ni rekodi moja. Tofauti ipo katika funguo. Kila mstari hupewa namba ya pekee isiyorudiwa, nayo huitwa ufunguo mkuu. Jedwali jingine likitaka kumtaja mtu huyo, halirudii jina, umri na kijiji chake. Huandika namba yake tu.

Ufuatiliaji wa watu waliokaribiana na mgonjwa wa Marburg ni mfano unaofaa. Dalili za ugonjwa huo huweza kujitokeza kati ya siku ya 2 na siku ya 21 tangu kuambukizwa, hivyo kila aliyeorodheshwa hupimwa joto na kuulizwa dalili kila siku kwa siku 21. Watu 200 kwa siku 21 ni rekodi 4,200. Kama kila rekodi ingeandikwa upya jina, kijiji na namba ya simu, makosa yangekuwa mengi: leo mtu angeandikwa kwa jina la ubatizo, kesho kwa jina la ukoo, na mtu mmoja angeonekana kuwa wawili. Katika hifadhidata ya uhusiano yapo majedwali mawili. La kwanza lina mistari 200, mtu mmoja kila mstari. La pili lina mistari 4,200, kila mmoja ukiwa na namba ya mtu, tarehe, joto na dalili. Swali kama hili, “Ni nani ambaye hajatembelewa tangu jana?”, hujibiwa kwa kulinganisha majedwali hayo mawili, na jibu hupatikana kwa muda mfupi kuliko ule wa kufungua daftari.

Wingu liko wapi?

Neno “wingu” lisimpoteze msomaji. Data za winguni haziko angani. Ziko katika kompyuta kubwa, ziitwazo seva, ndani ya majengo yenye umeme wa akiba, mitambo ya kupoza hewa na walinzi. Nchini Tanzania kipo Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data, Kijitonyama, Dar es Salaam, na yapo pia makampuni ya kimataifa yanayokodisha seva zilizo nje ya nchi. Kituo cha afya hutumia seva hizo kupitia mtandao bila kuzinunua.

Faida ya kwanza ni usalama wa kudumu. Kompyuta ya zahanati ikiungua kwa radi au ikiibwa, data hazipotei, kwa kuwa hazikuwa ndani yake pekee. Faida ya pili ni kwamba nakala rudufu hutengenezwa kwa ratiba bila kumtegemea mtu kukumbuka. Gharama yake pia ni ya wazi: kutoka Lusahunga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na mtandao ukikatika popote katikati, kituo hubaki peke yake.

Kiolesura cha programu: dirisha la dawa

Ingewezekana kuziacha kompyuta zote za vituo ziingie moja kwa moja ndani ya hifadhidata. Utaratibu huo ni wa hatari. Mfano wa kuuelezea unapatikana katika kila kituo cha afya, nao ni dirisha la dawa. Mgonjwa haingii stoo kujichukulia dawa. Hufika dirishani na cheti cha daktari. Mtoa dawa hukagua cheti, humtambua mgonjwa, huingia stoo mwenyewe, hutoa kilichoandikwa na kukiweka katika kumbukumbu. Asiye na cheti hapewi. Anayetaka kuingia stoo huzuiwa mlangoni.

Hifadhidata ni stoo. Dirisha ni huduma ambayo wataalamu huiita kiolesura cha programu, au kwa kifupi API. Ni programu inayokaa mbele ya hifadhidata, inayopokea maombi ya namna maalumu na kutoa majibu ya namna maalumu. Ombi huweza kuwa “nipe vipimo vya mwisho vya mgonjwa mwenye namba hii” au “ongeza matokeo haya ya kipimo cha malaria”. Ombi lisilo katika orodha ya yanayoruhusiwa halitekelezwi.

Dirisha hilo lina kazi nyingine muhimu: kuiwezesha mifumo isiyofanana kuelewana. Sekta ya afya nchini ina mifumo mingi. GoTHOMIS hutumika kuendesha shughuli za vituo vya Serikali, mfumo wa CTC2 hutunza taarifa za tiba na matunzo ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na ipo mifumo ya chanjo, ya dawa na ya bima. Kama kila mfumo ungeunganishwa na kila mwingine, mifumo 10 ingehitaji miunganisho 45. Kwa sababu hiyo Wizara ya Afya iliweka mfumo wa kati wa upatanishi, unaojulikana kwa kifupi HIM, ambapo kila mfumo huunganishwa mara moja tu. Ipo pia rejesta ya vituo vya kutolea huduma za afya, ambamo kila kituo kina namba yake, ili jina moja la kijiji lililopo katika wilaya mbili lisichanganye taarifa.

Muunganisho unavyofanyika

Ili huduma ya kiolesura iweze kuzungumza na hifadhidata, inahitaji mambo matano: anwani ya seva, namba ya mlango, jina la hifadhidata, jina la mtumiaji na nywila. Kwa PostgreSQL mlango wa kawaida ni namba 5432. Mambo hayo ni machache, lakini namna yanavyowekwa ndiyo hutenganisha mfumo salama na mfumo ulio wazi kwa kila mtu.

Kwanza, mlango wa hifadhidata haufunguliwi kwa dunia nzima. Seva huelekezwa kukubali maombi kutoka kwa huduma ya kiolesura peke yake. Kompyuta nyingine yoyote, hata ikiwa na nywila sahihi, hukataliwa.

Pili, nywila haiandikwi ndani ya programu yenyewe. Programu hunakiliwa, hutumwa kwa barua pepe na kusomwa na wengi. Nywila iliyoandikwa humo husambaa nayo. Huhifadhiwa mahali pa siri na kusomwa wakati huduma inapowashwa, na inapobidi hubadilishwa bila kuigusa programu.

Tatu, mazungumzo yote husimbwa kwa njia fiche, na seva hutakiwa kuonesha cheti cha kidijitali kinachothibitisha kuwa ndiyo yenyewe. Bila uthibitisho huo, mwizi anaweza kuweka seva ya uongo katikati na kupokea taarifa za wagonjwa huku kila upande ukidhani mambo ni shwari.

Nne, huduma hupewa mamlaka yanayolingana na kazi yake tu. Huduma inayosoma matokeo ya maabara haina haja ya uwezo wa kufuta majedwali. Nesi hapewi ufunguo wa stoo ya silaha kwa sababu tu analinda usalama wa wodi. Ndivyo ilivyo kwa programu.

Tano, miunganisho huwekwa akiba. Kufungua muunganisho mpya huhitaji safari kadhaa za kwenda na kurudi kati ya kompyuta mbili: kusalimiana, kuonesha cheti, kukubaliana juu ya usimbaji, kukagua nywila. Aidha, PostgreSQL kwa mpangilio wake wa awali hupokea miunganisho 100 tu kwa wakati mmoja. Katika siku za mwanzo wa mwezi, vituo vingi vinapotuma taarifa kwa pamoja, idadi hiyo huweza kujaa, na anayefuata hukataliwa. Kwa hiyo huduma hufungua miunganisho michache, tuseme 20, na kuiacha wazi. Ombi linapofika huazimwa muunganisho mmoja, hutumika kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha hurudishwa kwa ajili ya mwingine. Ndivyo vitanda vichache vya chumba cha uchunguzi vinavyohudumia foleni ndefu, mradi kila anayemaliza aondoke.

Mahali ambapo safari hukwama

Mtandao wa simu vijijini hukatika. Kukatika kunakosumbua zaidi ni kule kunakotokea baada ya ombi kupokelewa na kabla ya jibu kurudi. Mhudumu amebonyeza kitufe cha kuhifadhi, kioo kimeganda, naye hajui kama taarifa imefika. Akibonyeza tena, mgonjwa huweza kuandikwa mara mbili. Ikiwa taarifa hiyo ni dozi ya chanjo au kiasi cha dawa kilichotolewa, rekodi mbili zina madhara: mtoto ataonekana amepata dozi ya pili ilhali amepata moja, naye hatapewa anayostahili.

Mfumo uliojengwa vizuri hukinga kosa hilo kwa kulipa kila ombi namba yake ya pekee kabla halijaondoka kituoni. Ombi lilelile likifika mara ya pili, huduma huitambua namba, haiandiki upya, bali hurudisha jibu la awali. Kwa mfumo wa namna hiyo, kubonyeza tena hakuna madhara.

Kinga ya pili ni kanuni ya yote au hakuna. Kumpa mgonjwa dawa hugusa majedwali mawili: la matibabu na la stoo. Umeme ukikatika katikati, haifai jedwali moja liandikwe na jingine liachwe. Hifadhidata ya uhusiano huyafunga mabadiliko hayo pamoja katika muamala mmoja; ama yanakubaliwa yote, ama yanafutwa yote.

Kinga ya tatu ni kuhifadhi kwanza kituoni. Kifaa hutunza taarifa ndani yake, kikaziweka katika foleni, na kuzituma mtandao unaporudi. Kwa ugonjwa wa kutolewa taarifa mara moja, kama vile Marburg, Ebola au kipindupindu, foleni hiyo haitoshi. Mhudumu hupiga simu wilayani hapo hapo. Mfumo wa kielektroniki ni wa kusaidia wajibu huo, hauufuti.

Majibu ya huduma huja na namba ambazo zafaa kufahamika hata kwa asiye fundi. Namba inayoanza na 2, kama 200, maana yake ombi limekubaliwa. Inayoanza na 4 huonesha kasoro katika kilichotumwa: 401 ni mtumiaji asiyetambuliwa, 404 ni rekodi isiyopatikana. Inayoanza na 5 huonesha tatizo upande wa seva, kwa mfano 503, huduma haipatikani kwa sasa. Mhudumu anayemwambia fundi wa wilaya “nimepata 401 tangu saa tatu asubuhi” husaidiwa mapema kuliko anayesema “mfumo umegoma”.

Siri ya mgonjwa

Barabara inayoleta wageni huleta pia wasiwasi wa kutambulikana. Wapo wanaoacha kituo cha karibu na kusafiri mbali kuchukua dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa kuogopa kuonekana na jirani. Mtu huyo akiamini kuwa taarifa zake zikiingia kwenye kompyuta zitasomwa na yeyote, ataacha dawa. Usalama wa hifadhidata kwa hiyo ni sehemu ya tiba.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huzihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Humtaka anayezikusanya awe na sababu halali, azitumie kwa sababu hiyo tu, na azilinde. Sheria hiyo ilianzisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo hupokea malalamiko ya wananchi.

Kwa upande wa ufundi, kila ombi linalofika dirishani huandikwa: nani ameomba, rekodi ipi, saa ngapi. Kumbukumbu hiyo ina maana pale tu kila mhudumu anapotumia jina lake mwenyewe. Katika vituo vyenye shughuli nyingi hutokea watu watano wakatumia nywila moja iliyobandikwa ukutani. Siku taarifa ya mgonjwa ikivuja, kumbukumbu humtaja mwenye nywila, na wanne wengine hawaonekani.

Wajibu wa mhudumu, haki ya mgonjwa

Mhudumu hana haja ya kuwa mtaalamu wa kompyuta. Anahitaji kuzingatia machache:

- Atumie jina na nywila yake peke yake, na atoke kwenye mfumo anapoondoka mezani.
- Amtafute mgonjwa kwa namba yake kabla ya kumsajili upya. Namba ya kliniki, ya CTC au ya bima huepusha rekodi mbili za mtu mmoja.
- Asikae na taarifa iliyoshindwa kutumwa. Aangalie foleni ya kifaa kila mwisho wa zamu.
- Aandike daftarini mtandao unapokosekana, na aingize kwenye mfumo siku hiyo hiyo unaporudi.
- Asitume picha ya jalada la mgonjwa katika makundi ya simu, hata kwa nia ya kuomba ushauri.

Mgonjwa naye anayo nafasi yake. Aje na kadi yake, hata ile ya kituo cha mkoa mwingine. Ataje majina yaleyale kwa mpangilio uleule kila anapoandikishwa. Anaweza kuuliza taarifa zake zinatumika kwa kazi gani na nani anaweza kuzisoma, na anaweza kuomba kosa lililoandikwa lisahihishwe. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu kwa daktari.

Hifadhidata ya winguni haiponyi mtu. Inachoweza kufanya ni kumfanya mganga wa Biharamulo ajue, kabla hajaandika dawa, kile ambacho nesi wa Lusahunga alikiona jana jioni. Hilo hutegemea seva iliyo mbali, na hutegemea pia mhudumu aliyeandika namba sahihi mbele ya mgonjwa wake.